Kwaki Nzito na Upimaji wa Moto wa Viini vya Atomi

Kipimajoto cha kawaida hungoja hadi kipate joto lile lile la kitu kinachopimwa. Moto uzaliwao viini viwili vizito vigonganapo hauruhusu kungoja: huzimika upesi kuliko mwanga unavyoweza kuvuka atomi moja. Katika moto huo, unaopita digrii trilioni moja na nusu, protoni na nyutroni huyeyuka, na kwaki na gluoni zilizofungwa ndani yake huwa huru. Litapimwaje joto lake?

Mwaka 1986 Tetsuo Matsui na Helmut Satz walipendekeza njia. Chembe iitwayo J/psi, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1974, ni kwaki ya chamu iliyoshikamana na kwaki-kinyume yake. Kwa kuwa ni nzito, kwaki hizo huzaliwa mwanzoni kabisa mwa mgongano, kisha hukutwa na moto. Ndani ya moto huo ni kama watu wawili wanaozungumza sokoni: kadiri kelele inavyozidi, ndivyo wasivyosikilizana ila wakikaribiana sana. Jozi iliyolegea huachana. J/psi zikipungua, basi, joto limepanda.

Upungufu ulionekana kweli huko CERN, karibu na Geneva, katika miaka ya 1990, risasi (madini, si ya bunduki) ilipogonganishwa na risasi. Lakini kiini kisicho na moto nacho huweza kuzivunja J/psi, na ubishi ukaendelea. Ajabu zaidi ilikuja baada ya mwaka 2010, mtambo mpya wa CERN ulipoanza kugonganisha risasi kwa nishati kubwa kupita zote zilizotangulia: J/psi za mwendo mdogo zilisalia nyingi kuliko katika migongano ya dhahabu huko Brookhaven, Marekani. Maelezo yenye nguvu ni kwamba kwaki za chamu huzaliwa humo kwa wingi, jozi makumi kwa mgongano mmoja; moto upoapo, iliyopoteza mwenziwe hupata mwingine. J/psi inayohesabiwa huenda haikunusurika, bali imezaliwa upya.

Ndiyo maana macho yaligeukia upsiloni, jozi ya kwaki za botomu, yenye uzito wa protoni kumi hivi. Botomu ni adimu, hivyo kuungana upya ni nadra. Jaribio la CMS lilionyesha kwamba upsiloni iliyokazana husalia zaidi, ya pili hupungua sana, na ya tatu karibu hutoweka. Hata hivyo, sehemu ya zile za kwanza huzaliwa kutokana na kuvunjika kwa nzito zaidi. Hesabu hiyo sharti iondolewe kabla ya kutaja joto lolote.