Mfereji Umekauka, au Waya Umekatika?

Ukifika Katilu, kusini mwa Turkana, baada ya safari ndefu ya vumbi na miiba, utashangaa kukuta mahindi na mtama umestawi. Siri ni mifereji inayovuta maji ya Mto Turkwel. Juu ya mto huo kuna bwawa la Turkwel Gorge, lenye mitambo ya umeme ya megawati 106 iliyoanza kazi mwaka 1991. Mkulima wa huku chini hutegemea maji yatakayofunguliwa huko juu.

Je, kompyuta yaweza kumlindia mfereji wake usiku? Yaweza, lakini haina macho wala mikono. Vyote hivyo hupewa na kadi ya kupokea na kutoa ishara, inayochomekwa ndani yake.

Tuanze na macho. Kifaa kilichozamishwa mferejini hupima kina cha maji, kisha hutuma umeme kwa waya mbili: miliampea 4 maji yakiisha, 20 yakijaa. Kwa nini isiwe sufuri maji yakiisha? Hapo ndipo penye hekima. Siku mbuzi akiutafuna waya, umeme utakuwa sufuri kabisa. Kompyuta itatambua kwamba waya umekatika, si maji yaliyokauka. Bila tofauti hiyo, ingedhani kuna kiangazi, ingefungua lango lote, na maji yangebomoa kingo na kuzoa miche.

Kadi nyingi husoma volti. Kwa hiyo fundi huweka rezista ya omu 250 kati ya ncha mbili za kuingizia: miliampea 4 huwa volti 1, na 20 huwa volti 5. Waya hizo zisokotwe pamoja na zipitishwe mbali na mota ya pampu, zisije zikadaka umeme usio wao.

Sasa mikono. Umeme unaotoka kwenye kadi ni mdogo mno. Ukiiunganisha moja kwa moja na mota ya lango, kadi itaungua. Weka transista, kisha rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa.

Mwisho, mwanafunzi mpendwa, andika katika programu yako amri hii: ukiona sufuri, usiguse lango, piga kengele mtu aamke. Mashine nzuri hujua wakati wa kumwita mwenye shamba.