Kamba ndogo inayobeba uzima wa mupandaji: namna ya kuichagua



Katika mashamba ya kahawa kando ya ziwa Kivu, grevilea inatupatia kivuli, mbao na kuni. Lakini tukiiacha inaweza kupita metri 20, kahawa chini yake inakosa jua, na inaomba mutu apande kupunguza matawi. Wengi wetu wanapanda kwa mikono na miguu tu. Wengine wameanza kutumia kamba, na hayo ni maendeleo. Lakini kila mara tunaulizwa: «Agronomu, kamba si ni kamba tu?» Hapana. Leo tunafasiria juu ya kamba moja ndogo, ile ambayo mara nyingi inanunuliwa ya mwisho, kumbe ndiyo inamushikilia mupandaji.

Kazi yake ni gani?

Kamba kubwa inapita juu ya tawi lenye nguvu. Mwisho wake mumoja unafungwa kwa mukaba wa mupandaji, upande mwingine unateremka mpaka chini. Kamba ndogo inafungwa kuwa kitanzi, inazungushwa mara tatu juu ya ule upande unaoteremka, ikipita ndani yake yenyewe, kiisha inaungwa kwa mukaba. Fundo hilo linaitwa Prusik, kwa jina la Karl Prusik, mupanda-milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Pasipo uzito, unalisukuma kwa mukono. Ukikaa ndani ya mukaba, mizunguko inakaza na kuuma kamba kubwa. Ni musuguano tu unaokushika. Kamba ndogo isipouma, au ikiyeyuka, unaanguka.

Kwenye koperative moja, kijana alituletea kamba ya plastiki ya rangi ya bluu, mupya kabisa, yenye unene sawa na kamba kubwa. Tulimuomba ajaribu kwanza kwa urefu wa magoti. Alipokaa, fundo liliteleza mpaka akafika chini. Wote walicheka, naye pia. Mama mumoja akauliza: «Na kama angekuwa kwa metri 12?» Kicheko kikaisha.

1. Unene

Kamba ndogo inapaswa kuwa nyembamba kuliko ile kubwa. Kama kamba kubwa iko na milimetri 12, chagua ndogo ya milimetri 8 ao 9. Zikilingana, haiumi vizuri. Ikiwa nyembamba sana, inauma kupita kiasi, inakataa kulegea, na nguvu yake ni kidogo. Tena iwe laini: kamba ngumu kama waya haikumbatii.

2. Kitu imetengenezwa nacho

Ukishuka mbio, musuguano unaleta moto. Kamba za plastiki za soko, za polipropilini, zinayeyuka karibu na digrii 165. Za polietilini karibu na 130. Nailoni inangoja mpaka 220 na zaidi, poliesta karibu 250. Kwa hiyo tunataka nailoni ao poliesta. Kamba ya mukonge haiyeyuki, lakini inaoza kwa mvua na inadhoofika pasipo kuonekana. Tuiachie kufunga mizigo.

Namna ya kuzitenganisha: kata kipande kidogo, kitie ndani ya beseni ya maji, ukikamue humo humo ili hewa itoke. Plastiki inaelea. Nailoni na poliesta zinazama. Inayoelea, usipande nayo. Lakini inayozama haijawa nzuri kwa sababu hiyo tu: beseni inakataa mbaya, haihakikishi nzuri.

3. Alama

Kamba ndogo iliyotengenezwa kwa kazi ya kupanda inaandikwa EN 564. Kwa kanuni hiyo, ile ya milimetri 8, ikiwa mupya na pasipo fundo, inapaswa kuvumilia karibu kilo 1.300. Usiseme: «Mimi niko na kilo 70, hata kamba nyembamba inatosha.» Fundo linapunguza nguvu, jua linapunguza, uzee unapunguza, na mutu anayeteleza anavuta kuliko uzito wake. Hesabu hiyo kubwa ndiyo inalipa mapunguo yote.

4. Mbele ya kupanda, kila siku

– Unga miisho ya kitanzi kwa fundo la wavuvi la mara mbili, na uache mikia ya sentimetri 8 hivi.
– Kaa kwa uzito wako wote, kwa urefu wa magoti. Likiteleza, ongeza muzunguko mumoja, ujaribu tena.
– Shuka polepole, na usishike juu ya fundo: mukono ukilisukuma chini, linaachilia.
– Pitisha kamba ndani ya vidole. Pakiwa mahali pagumu panapong'aa, pameisha kuyeyuka. Kamba hiyo imekwisha kazi.
– Ukifika pa kukata, jifunge kwa kamba ya pili. Musumeno hauchague kati ya tawi na kamba.
– Iweke mbali na jua, mafuta ya motere na maji ya batri. Isifunge mbuzi hata siku moja.

Barua hii haitoshi kufundisha kupanda. Anayeanza ajifunze chini, pamoja na mutu aliyefundishwa, mpaka mikono izoee.

Bei ya kamba ndogo ni kidogo sana mbele ya bei ya kamba kubwa. Koperative inunue yenyewe, iandike tarehe ndani ya daftari, na iibadilishe pasipo kungoja ikatike. Kwa mukutano unaokuja, kila mupandaji alete kamba yake, nanyi mulete beseni ya maji. Zile zitakazoelea, muzikate vipande papo hapo, ili asiwepo mutu wa kuzirudisha juu ya muti.