Maji tohara si lazima yawe salama

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyejaalia kila chenye uhai kutokana na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kuna misitu ambayo serikali iliitangaza kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Katika milima hiyo ndimo unamoanzia mto Zigi, unaojaza bwawa la Mabayani, na kutoka bwawa hilo wakazi wa jiji la Tanga hupata maji ya kunywa na ya kutawadhia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dhahabu iligunduliwa Sakale, upande huo wa Amani. Watu wengi walimiminika, wakachimba kandokando ya vijito, mpaka serikali ikawaondoa. Lakini kuondoka kwa mchimbaji si kuondoka kwa athari zake. Wachimbaji wadogo wengi nchini hutumia zebaki kunasa dhahabu, kisha huchoma donge lililopatikana. Sehemu ya zebaki hupaa kama mvuke, na sehemu husombwa na mvua hadi kwenye tope la mto. Humo vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ambayo huingia katika samaki, na kupitia kwa mama mjamzito hufika kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Watu wa Minamata, Japani, walipatwa na msiba huo kutokana na maji machafu ya kiwanda, na ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Mfano wa karibu zaidi ni mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kilifungwa mwaka 2014, lakini wakazi waliendelea kudai haki zao mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa uamuzi mwezi Desemba 2024. Lango lilikuwa limekwisha kufungwa, ila sumu ilibaki katika udongo.

Hapa baadhi yetu huuliza: je, fiqhi haikutufundisha kuyajua maji? Naam, imetufundisha. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyofikia kula mbili, takriban lita 200, hayanajisiki mpaka najisi ibadilishe rangi, ladha au harufu yake. Lakini hiyo ni hukumu ya tohara. Zebaki iliyoyeyuka katika maji haina rangi, ladha wala harufu ya kumtahadharisha mnywaji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.006 tu kwa lita moja, kiasi ambacho jicho wala ulimi haukigundui. Basi maji yanaweza kufaa kwa udhu na yasifae kwa kunywa, kwa sababu sheria yetu imekataza kujidhuru na kuwadhuru wengine.

Tutajuaje basi? Tuwatazame maulamaa wetu. Imamu Abu Daud (aliyefariki mwaka 275 Hijria), baada ya kupokea hadithi ya kisima cha Budhaa cha Madina, alikwenda mwenyewe kisimani. Alitandaza shuka yake juu yake, akaipima, akapata upana wa dhiraa sita. Akamuuliza aliyemfungulia bustani kama kisima kimebadilishwa, akaambiwa hapana. Akaeleza pia kwamba aliyaona maji yake yamegeuka rangi. Naye mwalimu wake, Qutaiba bin Said, alimuuliza mtunzaji kina cha maji yanapojaa na yanapopungua. Hawakutosheka na dhana. Walipima, wakauliza, wakaandika.

Wataalamu wa leo hufanya vivyo hivyo. Huchukua sampuli juu ya machimbo na chini yake, wakati wa kiangazi na wa masika, wakazilinganisha katika maabara. Upimaji wa mara moja hautoshi, kwani maji ya ardhini hutembea polepole, na sumu yaweza kufika kisimani miaka mingi baada ya mchimbaji kuhama.

Kwa hiyo kamati za misikiti na wazazi wa vijiji vilivyo jirani na machimbo ya zamani wasione haya kuiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na mamlaka za maji ziwapimie visima na chemchemi, na majibu yasomwe hadharani. Kila kisima kiwe na daftari lake. Na vijana wetu wanaotafuta riziki kwa zebaki tusiwatupe. Tuwaeleze kwamba wa kwanza kuvuta mvuke wake ni wao na watoto wao.

Katika aya ya mwisho ya Suratul Mulk, Allah (S.W.) anatuuliza ni nani atakayetuletea maji ya chemchemi iwapo maji yetu yatadidimia ardhini. Maji yaliyotiwa sumu nayo yametutoka, hata kama tunayaona kisimani. Tuyalinde kabla hatujaulizwa juu ya neema hii.

Wabillahi tawfiq.