Mfawidhi na Majalada ya Dawa za Kulevya

Jahazi linapokamatwa na shehena ya heroini, habari huenea siku ile ile, na picha za vifurushi huonyeshwa watu wote. Lakini safari ya pili ya shehena hiyo, yaani kutoka mikononi mwa askari mpaka mbele ya jaji, haina mpiga picha. Leo twapenda kuzungumza juu ya safari hiyo ya pili, na hasa juu ya mtu ambaye ni nadra kutajwa: Wakili wa Serikali Mfawidhi, anayewasimamia mawakili wenzake waendeshao kesi hizi kwa niaba ya Jamhuri.

Wako wanaodhani kuwa kazi ya wakili wa Serikali ni kusema kwa ufasaha mahakamani. Ufasaha ni sehemu ndogo tu. Kesi ya dawa za kulevya hushinda au hushindwa katika karatasi. Kielelezo kikishikwa, lazima ijulikane ni nani aliyekishika, alimkabidhi nani, siku gani, kilifungwa kwa lakiri ya namna gani, kilimfikia lini Mkemia Mkuu wa Serikali, na baada ya hapo kilihifadhiwa ghala gani. Pengo moja katika mfululizo huo latosha kumtia jaji shaka, na shaka ni mali ya mshitakiwa. Ndivyo sheria isemavyo, na ndivyo ipasavyo kuwa, kwani kesho mshitakiwa aweza kuwa mchukuzi asiye na hatia aliyebebeshwa mzigo asioujua.

Tena iko hati ya idhini. Katika nchi yetu kesi kubwa za dawa za kulevya huhesabiwa kuwa za uhujumu uchumi, nazo haziwezi kusikilizwa bila idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka au ya ofisa aliyekabidhiwa madaraka hayo. Kesi hiyo ikipelekwa mahakama ya chini badala ya Mahakama Kuu, yatakiwa hati ya pili ya kuipa mahakama hiyo uwezo wa kuisikiliza. Ni karatasi fupi mno. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani imefuta mashauri si haba kwa sababu hati ilitaja kifungu kisichohusika, au haikukitaja kabisa kifungu cha kosa lenyewe. Askari walikesha, mashahidi walisafiri, hukumu ilisomwa, na yote yakawa kazi bure kwa ajili ya ukurasa mmoja ambao mkubwa aliutia sahihi bila ya kuusoma vema.

Hapo ndipo twaona usimamizi una maana. Wakili kijana mwenye majalada mengi mezani hawezi kuyaona makosa yake mwenyewe. Yafaa kila jalada kubwa lisomwe na wakili wa pili asiyehusika nalo, kabla halijavuka mlango wa ofisi, na msomaji huyo aandike jina lake. Mfawidhi asiyefanya hivyo, twadiriki kusema, anatunza kiti tu.

Mambo huzidi uzito kesi inapovuka mipaka. Heroini ifikayo pwani yetu aghalabu hutoka Afghanistan, ikapakiwa majahazini katika pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 unazitaka nchi zisaidiane kupata ushahidi na kupelekeana watuhumiwa. Lakini msaada huo huombwa kwa barua, na barua ina njia yake rasmi. Ikilala mwezi mzima chini ya majalada mengine, shahidi wa ng'ambo amekwisha kuhama.

Majirani zetu wa Kenya wameyaona haya kwa uchungu. Mwezi Julai 2014 meli Amin Darya ilikamatwa karibu na Mombasa, na zaidi ya kilo 370 za heroini zikapatikana. Mwezi Agosti meli hiyo ililipuliwa baharini kwa amri ya Serikali, hali kesi yake ingali mahakamani. Watu walishangilia. Sisi twauliza, ni nani katika ofisi ya mashtaka aliyesimama kusema kuwa kielelezo hakilipuliwi kabla ya hukumu?

Novemba mwaka ule ule walikamatwa Mombasa ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, Baktash na Ibrahim. Ombi la Marekani la kupelekewa watu hao lilizungushwa mahakamani zaidi ya miaka 2, mpaka Januari 2017 waliposafirishwa New York. Huko walikiri makosa mwaka 2018; Baktash akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Wizara ya Sheria ya Marekani ilieleza kwamba walikuwa wamewahonga maofisa wa Kenya ili wasipelekwe huko, wakiwemo majaji, askari, na waendesha mashtaka. Neno hilo la mwisho ndilo lituhusulo leo.

Basi ni nani amwangalie mwangalizi? Ibara ya 59B ya Katiba yetu yasema Mkurugenzi wa Mashtaka atakuwa huru, wala hataingiliwa na mtu yeyote. Twaiunga mkono ibara hiyo kwa moyo wote, na twawaambia wanachama wenzetu waziwazi: kiongozi wa chama anayempigia simu mfawidhi juu ya kesi ya jamaa yake anavunja Katiba, hata akianza kwa salamu na kumalizia kwa utani. Lakini uhuru haukatazi kutoa sababu. Nchini Kenya, tangu Katiba ya mwaka 2010, mashtaka hayawezi kuondolewa bila ya ruhusa ya mahakama. Kwetu Mkurugenzi aweza kuyaondoa wakati wowote kabla ya hukumu, bila ya kuomba ruhusa hiyo. Sisi twaona kanuni ya Kenya ni bora, na Bunge lingefaa kuitazama. Hata kabla ya hapo, hakuna kinachomzuia mfawidhi kuandika sababu zake jaladani na kuzisema mbele ya hakimu.

Limebaki jambo moja linalowagusa wafanyakazi. Mashahidi wa kesi hizi ni karani wa forodha, kuli aliyefungua kontena, dereva, mlinzi wa ghala. Huitwa mahakamani, kesi ikaahirishwa, wakaitwa tena, nao hupoteza ujira na kutazamwa kwa jicho baya mtaani. Mfawidhi ndiye anayepanga mashahidi. Na awaite siku ambayo wakili wake yuko tayari, nauli yao iwe imekwisha kulipwa, na barua ya kuwaombea ruhusa iwe imekwisha kumfikia mwajiri wao.