Je, Wajua? Kinachoilaza Kompyuta ni Sumaku

Mfuniko wa kompyuta mpakato nyingi una kisumaku kidogo. Kikikaribia kihisi kilichofichwa upande wa kibodi, mashine inajua imefungwa. Pitisha sumaku nyingine hapo: kioo huzimika ghafla, mfuniko ukiwa wazi!

Kufunga si kuzima. Mashine husinzia tu, betri ikiliwa taratibu. Usingizi mzito (hibernate) ndio huhamishia kazi yako yote kwenye diski. Hapo hata betri ikiisha, hupotezi neno.

Kwa mkazi wa Mpanda, Tanzania, yafaa kulijua hili: Windows hukubali amri mbili za mfuniko, moja ya kwenye chaja, nyingine ya kwenye betri. Kwa safari ndefu ya basi kwenda Tabora, ya betri iwe usingizi mzito.