Nani Amdonoe Nani

Vifaranga wa wiki moja hula pamoja, hulaliana na kukanyagana bila ugomvi wowote. Wakikaribia wiki ya tatu, mambo hubadilika. Wawili husimama wakitazamana, shingo zimenyooshwa, manyoya yamesimama, kisha mmoja huruka na kumgonga mwenzake kifuani. Mfugaji aliyenunua vifaranga kwa mara ya kwanza na kuwalea kwa joto la taa, bila mama, huingiwa na wasiwasi. Wengine hukimbilia kuwatenganisha. Kwa kawaida hakuna haja.

Kinachofanyika pale ni kupangana. Kuku ametokana na kuku-pori wa misitu ya Kusini-mashariki mwa Asia, ndege wa makundi madogo, na hulka hiyo haijamtoka hata akiwa nyuma ya jiko la mtu. Lazima ijulikane nani atangulie kwenye chakula, nani alale fito ya juu, nani apishe.

Wafugaji wameyaona hayo tangu zamani, lakini aliyeyachunguza kwa utaratibu wa kisayansi ni Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe. Tangu utotoni aliwatazama kuku kwa makini, akimtambua kila mmoja na kuandika nani kamdonoa nani. Mwaka 1922 alichapisha matokeo yake kwa Kijerumani. Alionyesha kwamba kuku wawili wakiishi pamoja, mmoja hupata haki ya kumdonoa mwenziwe, na mwenziwe harudishi. Tena ngazi inayotokana na haki hizo si lazima inyooke. Mweusi anaweza kumtawala mwekundu, mwekundu akamtawala wa madoadoa, na huyo wa madoadoa akamfukuza mweusi bila kipingamizi. Kila jozi ina mapatano yake.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kuku 5 wana jozi 10 za kupatana. Wakiwa 10, jozi ni 45, na wakifika 30, ni 435. Kuku mmoja mgeni akiingia kwenye kundi la 10, analeta mahusiano 10 mapya kwa siku moja. Ndiyo maana banda lililokuwa tulivu huchafuka kwa sababu ya kuku mmoja tu kutoka sokoni.

Katika kundi changa, mivutano huendelea kwa wiki kadhaa, na mara nyingi ngazi ya mitetea huwa imetulia kati ya wiki ya 6 na ya 10. Majogoo wana ngazi yao, na mitetea yao. Kisha upepo mwingine hupita wanapokaribia kutaga: upanga wa kichwani hukua na kuwa mwekundu, sauti hubadilika, na aliyekuwa akikimbia wiki iliyopita huanza kusimama imara. Kuku hutambuana hasa kwa kichwa, kwa umbo na rangi ya upanga na ndevu zake. Kwa hiyo kuku aliyetolewa bandani kwa wiki kadhaa, labda kwa sababu ya ugonjwa, akirudi anaweza kupokelewa kama mgeni kabisa.

Ngazi ikishatulia, vita hupungua sana. Kuku wa juu huinua kichwa tu, wa chini huinama na kusogea pembeni. Amani hii ina faida inayopimika. Mwaka 1944 watafiti wa Marekani, Guhl na Allee, walilinganisha makundi ya kuku yaliyoachwa yatulie na mengine yaliyokuwa yakibadilishiwa wenzao kila mara. Waliovurugwa walidonoana zaidi, walikula kidogo na walitaga mayai machache. Anayenunua kuku wawili leo, akauza mmoja kesho na kuleta mwingine mwisho wa wiki, analipa gharama hiyo hata asipoiona.

Basi mfugaji aingilie lini? Damu ndiyo alama. Donoo ya kichwani inayomfanya mwenzake akimbie ni mapatano, lakini manyoya yaliyong'olewa mgongoni, kidonda karibu na mkia, au kuku anayejibanza kona mchana kutwa bila kula, hayo ni mateso, na kuku huvutwa na rangi nyekundu hadi kundi zima likamshambulia mmoja. Aliyejeruhiwa atolewe mara moja na kutibiwa. Akipata nafuu, akae mahali ambapo wenzake wanamwona kupitia wavu ili wasimsahau. Na kama mchokozi ni yuleyule kila siku, mara nyingi inafaa zaidi kumtenga yeye kwa siku chache kuliko kumtenga anayeonewa, kwa sababu akirudi hukuta kundi limejipanga bila yeye.

Lakini chanzo mara nyingi ni banda lenyewe. Nafasi finyu, joto, mwanga mkali usiozimwa, chakula chenye upungufu wa protini au chumvi: vyote hivi huchochea kudonoana. Chombo kimoja cha chakula ni kosa linaloonekana katika mabanda mengi, maana kuku mmoja mbabe anaweza kukilinda. Viwili au vitatu vilivyowekwa mbalimbali humpa wa chini nafasi ya kula huku mbabe akiwa upande mwingine, na maji vilevile. Fungu la mchicha au jani la kabeji lililoning'inizwa kwa kamba huwapa kazi ya kufanya, na vumbi kavu la kuogea hali kadhalika. Wa chini pia anahitaji mahali pa kukwepa: kreti lililolazwa, ubao ulioegemezwa ukutani.

Wageni wakiletwa, kwanza watengwe mbali na wenyeji kwa wiki mbili au zaidi, kwa kuwa kuku anayeonekana mzima anaweza kuleta kideri au mafua. Baada ya hapo wawekwe jirani na wenyeji, wakitenganishwa na wavu kwa wiki moja hivi, waonane bila kufikiana. Ni heri waingizwe wawili au watatu wa umri na ukubwa unaolingana na wenyeji kuliko mmoja peke yake. Wafugaji wengi huwaingiza usiku, wenyeji wakiwa wameshalala, lakini hilo halitoshi kama hakuna mtu bandani alfajiri, wakati kuku wanaposhuka na kuanza kuulizana. Kufukuzana kwa siku chache za mwanzo ni kawaida. Mgeni akionekana anakula hadi kujaza gole, na jioni amepata fito ya kulalia, hata kama ni ile ya chini kabisa, wavu unaweza kuondolewa bandani.