Kuteua Mada ya Tasnifu kuhusu Nyota: Mfano wa Kibokoni, Mombasa

Mwanafunzi wa uzamili anayenuia kuandika tasnifu kuhusu elimu ya nyota katika Kiswahili hukabiliwa na tatizo hata kabla ya kupata msimamizi, nalo ni jina la uga wenyewe. Unajimu hujumuisha utabiri kwa nyota. Falaki ni neno la wanazuoni, hasa katika kukadiria nyakati za sala na miandamo ya mwezi. Astronomia ni la vitabu vya sayansi. Kwa hiyo anayeandika "Unajimu katika Fasihi ya Kiswahili" juu ya pendekezo lake bado hajateua mada. Ametaja bahari nzima.

Kibokoni yafaa kuwa mfano wa namna ya kuipunguza bahari hiyo. Mtaa huu wa Mji wa Kale hauko mbali na Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuwa yakiingia kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kurejea kwa kusi. Nahodha asiyeona nchi kavu usiku alisoma njia juu, na ndiyo maana Jaa na Suheli, ambazo ni nyota, zilikuwa pia majina ya pande: ya kwanza kaskazini, ya pili kusini. Mada hapa yaweza kuwa finyu kabisa, mathalani msamiati wa nyota miongoni mwa mabaharia wastaafu wa mtaa mmoja. Lakini haingojei. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa na kuhifadhi istilahi za chombo cha baharini katika utenzi wa Sambo ya Kiwandeo (1979), alifariki mwaka 2017. Hadi mwaka huo mtafiti angeweza kubisha hodi na kumwuliza. Sasa amebaki na maandishi. Mada ya maktabani yaweza kuahirishwa mwaka mmoja bila hasara kubwa. Ya wazee haiwezi.

Mada ya pili ni Kilimia. Jina hili hunasibishwa na kulima, na methali mashuhuri ya pwani hudai kwamba kundi hilo la nyota likizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua, na kinyume chake. Kilimia hupotea machoni jioni karibu na mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, na kuonekana tena alfajiri mnamo Juni. Mwanafunzi atavutiwa kupima ukweli wa methali kwa takwimu za mvua. Ni swali zuri, ila tasnifu hiyo ni ya idara ya hali ya hewa, si ya Kiswahili. La Kiswahili ni hili: ni nani bado huitumia methali hiyo Mombasa, kwa muktadha gani, na je, kijana asiyeijua nyota yenyewe huielewaje?

Kwa asiyeweza kwenda nyanjani, mada iliyo bora pengine ni majina ya sayari. Katika Kiarabu, Utaridi ni sayari iliyo karibu zaidi na Jua, na Zohali ni ile yenye pete. Lakini baadhi ya orodha zinazotumiwa katika shule za Kenya humpa mwanafunzi Zebaki kwa ile ya kwanza, Sarateni kwa yenye pete, Zohali kwa ya saba, Kausi kwa ya nane, na Utaridi kwa Pluto. Sarateni ni buruji ya Kaa na Kausi ni buruji ya Mshale, si sayari. Zebaki ni madini, na yaelekea jina lilihamia angani kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa vyote viwili. Zaidi ya hayo, mnamo Agosti 2006 Pluto iliondolewa katika hesabu ya sayari kubwa, na Utaridi ikabaki kuning'inia. Mtoto anayefundishwa falaki chuoni na sayansi shuleni, jambo la kawaida Kibokoni, aweza kulisikia jina moja kwa sayari mbili siku moja. Nani aliyaingiza majina haya, katika chapa ipi? Vitabu vipo, miaka imeandikwa, na swali lina jibu.

Wenzao wa fizikia wana pao pa kuanzia. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru.

Kabla ya kusajili pendekezo, mtafiti wa majina ya sayari akusanye angalau vitabu vitano vya miongo tofauti na kuvilinganisha kwa jedwali. Mtafiti wa mabaharia aketi kwanza na mzee mmoja, usiku usio na mwezi, na kumwomba amwonyeshe Suheli kwa kidole. Ikiwa mzee analijua jina tu, mada itabidi ibadilike.